Watoto Tuliowatembeza Sokoni

Mimi ndiye niliyepiga kelele za mwizi. Naanza na hilo kwa sababu watu wa ufukoni kwetu wakisimulia habari hii siku hizi wanasema "kelele zilipigwa", kana kwamba zilijipiga zenyewe. Zilitoka kwenye koo langu mimi, Tahira, mama yake Ibrahim, na anayelijua koo langu anajua kwamba likifunguka hata wenye mitumbwi mbali majini wanageuka kuangalia.

Nina miaka hamsini na sita, na kazi yangu ni kuanika ndagala, dagaa wa ziwani, hapa Rumonge. Wako wanaoanika mchangani. Sisi wa asosiasi, chama cha waanikaji, tuna vichanja vya miti vilivyotandikwa nyavu, mstari baada ya mstari, toka kwenye mwanzi hadi gati la zamani. Kila mtu amefunga kitambaa chake kwenye mguu wa mbele wa kila kichanja chake. Changu ni kipande cha kitenge cha kijani. Cha Lameki, prezida wetu mwenye vichanja kumi na viwili, ni kipande cha jezi nyekundu. Hivyo ndivyo tunavyojua mali ni ya nani.

Tena tuna desturi yetu. Mvua ikitishia, hakuna kukimbilia kichanja chako. Unakusanya samaki walio mbele yako, wa yeyote yule, unawatia guniani, unafungua kitambaa cha mwenyewe unakiweka juu ya samaki humo humo ndani, unafunga gunia na kulipeleka kwenye paa la karibu. Mvua ikipita, kila mtu anafungua magunia na kutafuta kitambaa chake. Tulianza hivyo mwaka ziwa lilipofurika, baada ya siku moja ambayo kila mtu alikimbilia mali yake, tukagongana, tukasukumana, na samaki wa wote wakaoza. Hakuna anayeomba ruhusa, na hakuna anayetoa hotuba ya shukrani. Mtoto wa hapa akifika miaka minane anaijua kazi hiyo. Sisi wenyewe ndio tuliowafundisha.

Sasa, Jumanne moja mwezi wa Septemba, asosiasi iliita mkutano. Ziwa lilikuwa limefunguliwa katikati ya Agosti baada ya miezi mitatu ya kukatazwa kuvua, ndagala walikuwa wengi, na vichanja vyote vimejaa. Mtu mwenye akili angekaa na samaki wake. Sisi tulikwenda kukaa kwenye hangari ya mafuta ya mawese, juu karibu na barabara, watu arobaini katikati ya mapipa, kuzungumza habari ya vijana.

Lameki ndiye aliyefungua. Alisema vijana wanakaa kwenye kibanda cha nyavu kutwa nzima na simu zao. Alisema wanacheka ovyo. Mwingine akasema amesikia harufu ya sigara. Mama mmoja akasema alipungukiwa na ndagala wiki iliyopita, na hata paka wa pale ufukoni hakutajwa. Lilitajwa kundi la kibandani moja kwa moja. Nami nikasimama. Nilisema ukimwona kijana ametulia, ujue anapanga. Watu wakapiga makofi. Nilikaa chini nikijiona nina maneno ya maana sana.

Hangari ile haina dirisha. Upepo ulipopita juu ya mabati tulisikia, tukapandisha sauti, tukaendelea.

Tulipotoka jua lilikuwa kali. Tukateremka ufukoni bado tunazungumza, tukakuta vichanja vitupu. Mstari mzima wa mbele, pamoja na vyangu vinne. Vitambaa navyo havikuwepo. Mlango wa kibanda cha nyavu ulikuwa umefungwa kwa ndani, na humo mlisikika sauti za vijana.

Sikiliza jinsi akili ya mtu mzima inavyofanya kazi. Mtu wa kwetu akiona vichanja vitupu na vitambaa vimeondolewa, kitu cha kwanza kumjia kichwani kinatakiwa kiwe mvua. Miaka yote hiyo haijawahi kuwa na maana nyingine. Lakini kwetu sisi haikuja mvua. Yalikuja yale tuliyokuwa tumetoka kuyasema hangarini. Mwizi huondoa alama, nikajiambia, na hapo ndipo nilipofungua koo.

Mlango ukafunguliwa kabla hatujaufikia. Walikuwa watatu. Wa kwanza kutoka alikuwa Irakoze, binti wa Tadeo, mwenye miaka kumi na saba. Wazazi wake ni wale waliorudi kutoka kambini Tanzania miaka minne iliyopita. Nyuma yake Amisi, wa miaka kumi na sita, ambaye kibanda kile ni cha mjomba wake. Na wa tatu, nguo zimemganda kwa jasho na magamba ya samaki mpaka viwikoni, alikuwa Kaoutar, mjukuu wangu wa miaka kumi na mitano, ninayemlea mwenyewe.

"Shikamoo mama," Irakoze akaniambia, maana mimi ndiye niliyekuwa mbele. "Lilikuja wingu zito kutoka milimani, na upepo. Tumewahi kukusanya. Tulifunga mlango mvua isije ikatupiga humu ndani."

Watu wote wakatazama juu. Mbingu ilikuwa safi. Watu wakacheka.

"Mvua ya mwezi wa kenda?" Lameki akasema. "Unaona sisi iko bajinga?"

"Fungueni magunia haya humu ndani mtazame," Irakoze akasema.

Hakusema kwa jeuri. Nimejiuliza mara nyingi, na kila mara jibu ni hilo hilo: alisema kama mtu anayekuelekeza ulikoweka funguo zako. Lakini Lameki alikuwa ameshachomoa mti kwenye kichanja, akampiga nao mgongoni. Amisi akaingia katikati, na pigo la pili likampata yeye mdomoni, jino likatoka. Kisha Lameki akamshika Kaoutar mkono, akamtazama vizuri, akamwachia.

"Huyu iko mutoto wa Mama Ibrahim," akasema. "Hawa wengine ndio bamemudanganya."

Nami nikamshukuru. Hilo nalo nalisema. Mtoto wangu alikuwa na magamba yale yale mikononi, alitoka kwenye kibanda kile kile, na niliposikia kwamba yeye peke yake kadanganywa, nilisema asante.

Wale wawili walitungiwa ndagala kwenye kamba, wakavishwa shingoni, wakatembezwa sokoni. Wauza mafuta waligonga madumu. Waliotoa simu kupiga picha hawakuwa vijana, walikuwa watu wazima wenye watoto wao nyumbani. Irakoze alitembea ametazama mbele. Amisi alikuwa anatema damu. Mimi nilikuwa nyuma yao, na mikono yangu ilipiga makofi pamoja na ya wengine.

Tulifikia ofisini kwa shefu wa mtaa, Nduwimana. Akaandika ripoti: wizi wa ndagala, magunia tisa, washtakiwa wawili. Akauliza nani mlalamikaji wa kwanza. Nikasaini. Magunia yakafungiwa stoo kwake kuwa ushahidi, na hakuna hata mmoja wetu aliyetia mkono ndani ya hata gunia moja. Watoto wakalala kachoni, mahabusu ya mtaa, hadi kesho yake.

Jioni ile Kaoutar hakula.

"Bibi, mi pia nilikusanya," akaniambia. "Vichanja vyako nilikusanya mi mwenyewe. Kama ni wizi, nifungwe mi pia."

"Nyamaza. Wamekudanganya."

"Wamenidanganya nini? Wewe ndiye ulinifundisha."

Nilimwambia akipandisha sauti tena nitamchapa. Akanigeuzia mgongo. Mimi nikalala usingizi mzuri kabisa, na hilo linaniudhi mpaka leo.

Alhamisi Nduwimana akaturudishia magunia, kwa sababu stoo yake ilikuwa inanuka. Nilibeba manne, yale Kaoutar aliyonionyesha kuwa ni yangu, hadi ufukoni kuwaanika samaki upya. Nilifungua la kwanza. Juu ya samaki, kimekunjwa mara mbili kama leso, kilikuwa kitambaa changu cha kijani. Nikafungua la pili. Kilikuwemo. La tatu, la nne. Mwizi gani anaiba samaki wako kisha anakuandikia kwamba ni wako?

Nilikaa chini pale pale mchangani. Kaoutar alikuwa amesimama upande wa pili wa kichanja na hakusema "nilikwambia". Angesema, ningepata angalau mtu wa kumgombeza.

Na kama vile haikutosha, saa ile ile akaja Dusabe, mama tunayefahamiana anayeanika upande wa Gatete, anatafuta ndagala wakavu wa kununua. Nikamwuliza wake wako wapi.

"Mama Ibrahim, weye hukusikia? Siku ya pili, Jumanne ile, saa sita mvua ilitupiga vibaya. Ilishuka milimani mara moja, dakika kumi, ikapotea. Tumetupa vyote. Nyinyi mulikuwa na bahati."

Bahati. Bahati yetu ilikuwa na miaka kumi na saba na alama za fimbo mgongoni.

Niliondoka pale na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo hata kwa marehemu mume wangu, na yule alinipa sababu nyingi. Nilimkuta Lameki anapanga magunia yake. Nikamwonyesha vitambaa vinne mkononi. Hakushtuka. Mtu asiyejua angeshtuka.

"Minajua," akasema. "Nilikiona changu tangu asubuhi."

"Umekiona, halafu?"

"Halafu nini? Mama Ibrahim, angalia ufuko." Akaonyesha kwa kidevu. Kibanda cha nyavu kilikuwa kimya, mlango na kufuli. "Leo hakuna mutoto hata mumoja. Hakuna kelele. Kama si leo wangeiba kesho. Acha somo libaingie."

"Hawakuiba."

"Hawa wote iko sawa," akasema, akarudia kufunga gunia lake.

Nataka mwelewe kwamba Lameki si mtu mbaya. Anasaidia wafiwa, anachangia msikiti na kanisa vilevile, na binti zake wanamheshimu. Ndiyo maana niliogopa. Mtu mwema alikuwa ameshika mkononi ushahidi kwamba amempiga mtoto asiye na kosa, akaona afadhali autie mfukoni, kwa sababu ufuko umetulia.

Nikamwuliza Kaoutar kuhusu wenzake. Amisi, akasema, mjomba wake amemtoa, amepelekwa Kabonga kwa ndugu kufanya kazi ya uvuvi; shule basi. Na Irakoze? Kaoutar akanieleza. Irakoze alikuwa amepata nafasi katika shule ya uuguzi kule Gitega. Mtaani kwetu hakuna msichana mwingine aliyeipata mwaka ule, na katika wale waliorudi kutoka kambini hajawahi kuwepo. Dosiye yake ilikuwa imekamilika isipokuwa karatasi moja: hati ya tabia njema, inayosainiwa na shefu wa mtaa. Lazima ipandishwe kwenye basi la Ijumaa saa tisa, maana Jumamosi asubuhi wanafunga orodha. Tadeo alikwenda kuiomba Jumatano. Nduwimana akamwambia hawezi kumwandikia tabia njema mtu mwenye ripoti ya wizi mezani kwake.

Ripoti hiyo chini yake ilikuwa na saini yangu.

Ijumaa saa saba na nusu nilikuwa ofisini kwa Nduwimana. Tadeo alikuwa ameshafika, mtu mrefu, kofia mkononi, amekaa ukingoni mwa benchi kama mtu atakayeambiwa ainuke. Irakoze alisimama karibu na ukuta, bahasha ya dosiye kifuani. Nduwimana alimwita na Lameki, kwa kuwa ni prezida. Nikaweka vitambaa vyangu vinne mezani nikaeleza kila kitu, mkutano, wingu, mvua ya Gatete. Nikamgeukia Lameki mbele ya shefu nikamwuliza kama kitambaa chake kilikuwemo guniani. Akatazama dirishani.

"Kilikuwemo," akasema.

Nilidhani yamekwisha. Mjinga mimi, na umri wangu wote huu.

Nduwimana alivuta pumzi, akaweka mikono juu ya meza. "Sawa. Iko kutoelewana. Mimi sikatai kusinye hati. Lakini ripoti imeshaandikwa, bakubwa bamesinye, soko lote limeona. Siwezi kusema bakubwa arobaini walikosa. Mutoto aombe musamaha kidogo, pale mbele ya prezida, tufunge hii maneno. Nasinye leo leo."

"Musamaha tu," Lameki akasema. "Kwa heshima."

Saa ya ukutani ilikuwa saa nane na dakika tano.

"Mwanangu," Tadeo akasema taratibu, "omba. Ni maneno mawili. Sisi tumerudi juzi, tutaishi na hawa watu. Omba, uende shule."

Irakoze alimtazama baba yake, na hapo tu ndipo nilipoona mdomo wake ukitetemeka. Kwa fimbo haukutetemeka, wala sokoni.

"Baba, nikiomba msamaha, nitakuwa nimesema niliiba. Niombe msamaha kwa kosa gani?"

"Kwa kukaa pale kibandani," Lameki akasema. "Kwa kufanya watu bafikiri vibaya."

Mimi nimezaa watoto sita na nimezika wawili. Nimefukuzwa na vita, nimefurikiwa na ziwa, nimetukanwa na madalali. Sijawahi kusikia neno lililonichefua kama lile. Sisi ndio tuliofikiri vibaya, na mtoto ndiye aombe radhi kwa fikra zetu. Nilijua pia kwamba nisipofanya kitu, ataomba. Si kwa sababu ya shefu. Kwa sababu ya uso wa baba yake.

"Lameki," nikasema, "daftari la kanuni za asosiasi liko hapo mfukoni kwako. Soma kanuni ya tisa."

Alijua ninachotaka. Hakulitoa. Nikaisoma mwenyewe kwa kichwa, maana nilikuwepo ilipotungwa: anayemwita mtu mwizi bila kukagua mali yake kwanza, ataandikwa msingiziaji, jina lake litasomwa sokoni siku ya Jumamosi, na atatoa kreti mbili za Fanta kwa wazee.

"Mimi sikukagua," nikasema. "Shefu, andika. Tahira, mama yake Ibrahim, msingiziaji. Nitasaini."

Nduwimana akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiyejua aweke wapi mikono. "Mama Ibrahim. Wewe tutakuandika namna gani? Mutu muzima. Una wajukuu. Una heshima yako hapa."

"Huyu hapa mlimwandika kwa dakika ngapi?"

Akaanza kuchezea mhuri wake.

"Nilikuwepo. Hazikufika tano. Hukumwuliza heshima yake iko wapi. Hukusema 'tutamwandika namna gani'. Mimi niliyekosa kweli, unaniogopea jina. Yeye ambaye hakukosa, unataka alinunue jina lake kwa kuomba radhi."

"Unatuaibisha sisi bote," Lameki akasema kwa sauti ya chini.

"Tumeshaaibika tangu Jumanne. Mimi nataka iandikwe tu."

Kisha nikavuta kiti nikakiweka mlangoni, nikakaa. Mlango wa ofisi ile ni mwembamba na mimi Mungu amenipa mwili. Nikawaambia hakuna atakayetoka kusali, kula wala kujisaidia mpaka jina langu liwe kwenye karatasi. Lameki akasema nina wazimu. Nikamwambia ndiyo, asogee karibu auone vizuri. Saa nane na robo. Nduwimana akatazama saa, akanitazama mimi, akatazama dirisha ambalo lina nondo. Akachukua kalamu.

Akaandika kwamba malalamiko ya wizi yalikuwa ya uongo na mlalamikaji amekiri. Nikasaini. Akapiga mhuri kwa nguvu, kana kwamba anaua nzi. Na sasa, kwa kuwa wizi haupo, hakuwa na pa kujificha. Akatoa fomu ya hati, akaijaza, akasaini, akaisukuma upande wa Irakoze bila kumtazama.

Irakoze aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma pale pale. Akaisoma mpaka chini. Kisha akairudisha mezani.

"Shefu, hapa umeandika kwamba nimesamehewa."

"Ndiyo. Ni vizuri. Inaonyesha hakuna maneno tena."

"Naomba uliondoe neno hilo."

Tadeo alifumba macho. Nduwimana alinigeukia mimi, mkono umenyooshwa kwa msichana, kama anayeonyesha ushahidi. "Umeona sasa? Umeona adabu ya hawa batoto? Unamusaidia, anaanza kukupangia maneno."

"Liondoe," nikasema kutoka mlangoni.

Alitoa fomu nyingine. Mkono wake ulikuwa na hasira na maandishi yakawa mabaya, lakini maneno yalikuwa safi: mwenye tabia njema, hana kosa lolote. Mhuri. Saa nane na dakika arobaini. Irakoze akaitia kwenye bahasha, akamshukuru shefu, "murakoze", kama anavyotakiwa kusema, akaja mlangoni. Nikasimama, nikasogeza kiti.

Nilikuwa nimeyaandaa maneno yangu tangu jana yake. "Nisamehe, mwanangu," nikamwambia. Nilisema kwa sauti, mbele ya wanaume wale watatu, mimi mtu mzima kwa mtoto.

"Mama, naomba nipite," akasema. "Niwahi basi."

Akapita, na baba yake akamfuata mbio, kofia bado mkononi.

Jumamosi jina langu lilisomwa sokoni. Lameki ndiye aliyelisoma, kwa kuwa ni kazi ya prezida, na alilisoma kwa sauti ya mtu anayesali peke yake. Nikamwambia apandishe, wauza mafuta wa nyuma hawasikii. Akapandisha. Watu walinung'unika, si kwa sababu ya nilichofanya Jumanne, bali kwa sababu ya nilichofanya Ijumaa. Mama yule wa ndagala waliopungua alinivuta pembeni akasema nimewapandisha vijana vichwani, na sasa hawatatuheshimu tena. Nikamwuliza hicho alichokiona Jumanne sokoni kilikuwa heshima ya nani. Tangu siku hiyo hatuzungumzi. Fanta wazee walikunywa.

Mjomba wake Amisi nilimwendea, nikampa nakala ya karatasi ile ili kijana arudi shule. Aliipokea, akaikunja. Akasema Amisi ameagiza kwamba harudi Rumonge, hata kwa karatasi ya rais.

Irakoze alipokelewa. Habari aliileta Kaoutar, kwa furaha ambayo hakunigawia.

Siku ya kuondoka Irakoze ilikuwa Jumatatu asubuhi. Tulikuwa tunageuza ndagala, mimi na Kaoutar, na yeye akaja kwa njia ya ufukoni kuelekea kituo cha mabasi, sanduku kichwani, ndoo mkononi, mdogo wake nyuma na godoro. Alipomwona Kaoutar akaweka vitu chini. Wakakumbatiana, wakacheka, wakasemezana masikioni, wakakumbatiana tena. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka pale. Niliweka samaki chini, nikafuta mikono kwenye kanga, nikajiandaa kupokea salamu na kumtakia safari njema. Hata maneno ya dua nilikuwa nimeyapanga.

Akajitwisha sanduku lake, akapita mbele yangu, akaenda. Hakunitazama. Shikamoo yake, ile aliyonipa hata siku nilipomwitia watu wampige, siku hiyo hakunipa.

Damu ikanichemka kichwani. Mimi ambaye jina langu limesomwa sokoni kwa ajili yake, mimi niliyegombana na mtaa mzima, napitwa kama kichanja. Na mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Umemwona huyo?" nikamwambia Kaoutar. "Mtoto hana shukrani kabisa. Lakini ndivyo walivyo wote, hawa—"

Kaoutar aliinua uso kutoka kwenye samaki, akaniangalia, akasubiri nimalize.

Sikumaliza.